Fundi wa Spika Alilipwa

Mimi si mwanamuziki. Wacha niseme mapema kabla mtu hajaniuliza nimepewa na nani ruhusa ya kuongea. Kazi yangu ni spika, nyaya na meza ya sauti. Nafanya harusi, nafanya matanga, nafanya krusedi, msimu wa siasa ukifika nafanya mikutano ya siasa, na kila Juni 20 nafanya Siku ya Wakimbizi Duniani. Hiyo ya mwisho nimeifanya miaka minne, kwa waandalizi tofauti, na sijawahi kutoka bila pesa yangu. Kwa hivyo ninayosema hapa nayasema nikiwa mtu aliyekula.

Ilikuwa bustani moja hapa Nairobi, nyasi zimekatwa vizuri, hema jeupe, meza za duara. Bendi ilitoka Kakuma. Watu wanane: Wakongo watano wa upande wa Kivu, Warundi wawili, na kijana mmoja wa Sudan Kusini kwenye ngoma. Walikuwa wamekaa kwa basi kutoka Kakuma hadi Lodwar, Lodwar hadi Kitale, Kitale hadi hapa, na kabla ya hilo basi walikuwa wamekaa kwenye foleni ya kuombea karatasi ya kuruhusiwa kutoka. Mkimbizi hapandi basi tu kama wewe na mimi. Walifika wamevimba miguu. Niliwapa viti na nikaanza kufunga maikrofoni.

Mpiga gitaa la solo, mtu mzima kunishinda, akaniuliza kama ninaweza kumpunguzia ukali wa juu kwenye spika yake. "Ndugu yangu, hii gitaa iko na mdomo mubaya," akasema. Nikapunguza. Wakajaribu sauti na wimbo wa harusi. Rumba, ile ya kutembea polepole halafu gitaa linakimbia na kila mtu anaacha anachofanya. Nawaambia wale vijana wa kupanga vijiko waliacha vijiko. Mama mmoja wa usafi alisimama na ufagio wake akaanza kutingisha mabega. Mimi ni mtu wa masikio, nimesikia bendi nyingi kwa miaka 17, na ile bendi ilikuwa imeiva.

Basi akaja dada mmoja wa waandalizi na karatasi zake. Akapiga makofi. Akasema wamependeza sana, lakini huo wa harusi tuuweke kando, leo tunataka ile ya safari, ile ya kukimbia usiku. Na kabla ya kuimba, kiongozi aeleze kidogo. Dakika tano. Alivyovuka. Alivyompoteza nani.

Yule mzee wa gitaa akajibu kwa upole, na maneno yake nimeyashika mpaka leo: "Mama, ile nyimbo tuliimbaka sana. Tuko na zingine. Tuko na ya harusi, tuko na ya mutoto kuzaliwa, tuko na ya mwanamuke mwenye kukataa barua."

Wakacheka wote wawili. Jioni wakaimba ile ya safari.

Watu walilia. Sitasema machozi yalikuwa ya uongo, mimi mwenyewe nilijifanya ninaangalia nyaya. Namba ya paybill ikawekwa kwenye skrini kubwa, simu zikatoka mifukoni, emsii akatangaza jumla mara tatu na kila mara ikawa imepanda. Saa nne usiku tukaitwa kwa meza moja nyuma ya hema kusaini. Fomu yangu iliandikwa "huduma za sauti" na kiasi: shilingi 60,000. Fomu ya bendi ilikuwa kando ya yangu. Nauli ya kwenda na kurudi. Tisheti nane. Vyeti vinane. Na mahali pa malipo pameandikwa neno moja: "wamejitolea".

Nikauliza. Kwa sauti ya chini, lakini niliuliza. Nikajibiwa kwamba hii ni shughuli ya hisani, na tukiwalipa wasanii wafadhili watauliza maswali. Nikasaini yangu, nikaweka pesa mfukoni, nikaenda kukunja nyaya.

Sasa hapo ndipo ugomvi wangu unaanzia, na unaanzia kwangu mwenyewe. Mimi pia nilikuwa kwa ile shughuli ya hisani. Mbona hakuna mfadhili aliyeuliza kunihusu? Mwenye hema alilipwa. Mwenye pilau alilipwa. Maua yalilipiwa. Askari wa lango alilipwa, ijapokuwa kidogo. Katika bustani nzima, watu pekee ambao kazi yao iligeuzwa kuwa sadaka ni wale wanane ambao jioni yenyewe iliitwa kwa jina lao. Tulichangisha pesa za wakimbizi, na mchango wa kwanza, bila kuuliza, tukautoa kwenye mifuko ya wakimbizi.

Nimefanya matanga mengi, Vihiga, Siaya, Machakos. Hata pale ambapo familia imeuza ng'ombe ili kumtoa maiti mochari, bendi inapewa chake kabla ya alfajiri. Hakuna anayemwambia mpiga gitaa kwamba kwa kuwa kuna msiba, kidole chake hakina bei. Sisi Wakenya tunaijua harambee kuliko karibu kila mtu, na tunajua kwamba mwenye viti na mwenye spika hawaguswi. Kwa nini adabu hiyo inaisha anapopanda jukwaani mtu wa Kakuma?

Nitakwambia kwa nini. Kwa sababu hatukumwalika mwanamuziki. Tulialika jeraha, na jeraha halina bei ya soko.

Angalia historia yenyewe. Agosti 1, 1971, George Harrison na Ravi Shankar walijaza ukumbi wa Madison Square Garden kule New York mara mbili kwa siku moja ili kuwasaidia wakimbizi wa Bangladesh, mamilioni waliokuwa wamekimbilia India. Ndilo tamasha lililotengeneza mfano ambao wote wamefuata: majina makubwa, kisa kikubwa, filamu, rekodi. Hela za mlangoni zilienda kwa UNICEF. Lakini zile kubwa za rekodi na filamu zilikwama miaka na miaka kwenye mabishano ya kodi ya Marekani, kwa sababu hakuna aliyepanga makaratasi mapema. Sizungumzi hayo kumdharau Harrison. Nia njema haikosekani, tangu 1971 haijawahi kukosekana. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa chini mchana, kabla ya taa kuwashwa, na kuuliza nani atalipwa nini, lini, na kwa karatasi gani. Kazi ya kuchosha, haina picha.

Na katika mfano ule wa 1971 mkimbizi hakuwa jukwaani hata kidogo. Alikuwa kwenye bango. Kwa hivyo mtu anaweza kuniambia tumepiga hatua: leo mkimbizi mwenyewe ndiye anashika maikrofoni. Ni kweli, na mfano ambao kila mtu hunitupia ni Sierra Leone's Refugee All Stars. Sawa, tuwazungumzie, kwa sababu wengi wanaowataja hawajui hadithi yao ilianzia wapi.

Reuben Koroma alikuwa mwanamuziki Freetown kabla ya kuwa mkimbizi. Hiyo ndiyo sentensi inayoachwa. Vita vya Sierra Leone vilianza 1991 vikaisha 2002; yeye na mkewe Grace walikimbilia Guinea, na kambini wakakutana na wanamuziki wengine wa kwao. Shirika moja la misaada la Kanada likawapatia magitaa mawili ya umeme yaliyochakaa, vyombo vya sauti vibovu na maikrofoni moja. Kama fundi, nikisoma hivyo nacheka halafu nanyamaza, maana najua maana ya bendi nzima kwa maikrofoni moja. Septemba 2000 rais wa Guinea, Lansana Conté, akasimama redioni akawalaumu wakimbizi kwa mashambulizi ya mpakani, na watu wakapigwa, wakafukuzwa nyumbani, wanawake wakabakwa. Bendi ikahamishiwa kambi nyingine ya ndani zaidi, Sembakounya. Huko ndiko walikopiga. Na ziara yao ya kwanza haikuwa Marekani. Ilikuwa kambi kwa kambi, kuwapigia watu wenye kadi ya mgao kama wao.

Hiyo ndiyo ilikuwa tamasha ya kwanza ya hisani. Wahitaji waliwapa wahitaji wenzao usiku mmoja wa kucheza. Filamu ya Zach Niles na Banker White ilitoka 2005, albamu ya Living Like a Refugee ikatoka 2006, halafu yakaja majukwaa makubwa, na 2007 wakawa pamoja na Aerosmith katika albamu ya Amnesty International kwa ajili ya Darfur. Watu wa vita moja wakiimbia watu wa vita nyingine. Siwezi kulidharau hilo na sitalidharau. Lakini vita vyao viliisha 2002, na albamu yao ya Libation ikatoka 2014, miaka 12 baadaye, na jina kwenye jalada bado ni la wakimbizi. Najua, jina ni lao, walilichagua wenyewe, na lilifungua milango ambayo jina lingine lisingefungua. Hapo ndipo ninapoumia. Je, mlango ungefunguka kama wangejiita tu bendi nzuri ya Freetown? Ni lini mtu anamaliza kuwa mkimbizi, kama tikiti zinauzwa kwa yeye kutomaliza?

Rafiki yangu mmoja, mtu wa vitabu, nilipomweleza haya alisema shida ni biashara: biashara ingewachukua kama wasanii, hisani ndiyo inawachukua kama masikini. Nikamwambia aende amuulize K'naan. Mtoto wa Mogadishu, alitoka 1991 vita vikianza, akalelewa Kanada. Wimbo wake wa bendera ulikuwa na vita ndani yake. Coca-Cola walipoutaka kwa Kombe la Dunia la 2010 Afrika Kusini, ukatoka toleo jipya, vita vimeondolewa, zimebaki shangwe. Na 2012 yeye mwenyewe akaandika katika gazeti la New York Times jinsi alivyojikata ulimi ili apendwe na redio za Marekani. Basi huyo mmoja aliambiwa fiche kidonda, kinafukuza wateja. Wale wetu wa bustanini waliambiwa fungua kidonda, kinaleta wafadhili. Hayo ni mamlaka mawili tofauti yenye tabia moja: hakuna aliyeuliza huyu mtu leo anataka kuimba nini.

Na yule Emmanuel Jal wetu. Nasema wetu kwa sababu Nairobi ilimlea, alipoletwa hapa akiwa mtoto aliyeshikishwa bunduki Sudan, akafichwa kwenye ndege na Emma McCune. Akaimba, albamu ya Ceasefire akaifanya 2005 pamoja na Abdel Gadir Salim, mwanamuziki Mwislamu wa kaskazini, wakati ambapo kukaa kwao meza moja kulikuwa habari. Baadaye akataka kujenga shule Leer, kwao, na ili watu waamini wachange, akajinyima: alikula mlo mmoja kwa siku, zaidi ya siku 600. Alichagua mwenyewe, na shule ni kitu kizuri. Lakini fikiria kidogo. Mtu ambaye alipitia njaa kweli, ambaye amepanda majukwaa ya dunia, bado ilibidi alipe kwa tumbo lake ndiyo asikike. Muziki haukutosha. Mzungu wa gitaa akitaka kuchangisha anaimba tu.

Kuna wale watakaosema: wewe fundi, unawaharibia. Ukianza kudai malipo, waandalizi wataacha kuwaalika, na hiyo nafasi ndogo ya kuonekana itapotea. Hoja hii nimeisikia kwa watu ninaowaheshimu, na si ya kijinga. Mwanamuziki wa kambi hana nafasi nyingi. Lakini hiyo "kuonekana" nimeifuata nione inaishia wapi. Yule mzee wa gitaa nilimkuta asubuhi yake pale stendi ya basi, nilikuwa nimepita kumpelekea kebo aliyosahau. Akaniuliza bei ya seti ya nyuzi za gitaa hapa River Road. Nikamwambia. Akahesabu kwa vidole, akasema atanunua zile tatu za chini, zile za juu bado zinaweza. Cheti kilikuwa kwenye mfuko wa nailoni pamoja na tisheti. Watu zaidi ya mia mbili walikuwa wamemwona usiku ule, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amechukua namba yake ya simu.

Mwingine ataniambia sheria ndiyo shida. Hapa nakubali nusu. Sheria yetu ya Wakimbizi ya 2021 inasema mkimbizi anaweza kufanya kazi ya kumpatia kipato, lakini kati ya maneno ya sheria na karatasi mkononi kuna safari ndefu kuliko ya Kakuma. Hata hivyo mkono ulioandika "wamejitolea" haukuwa wa Bunge. Ulikuwa wa mwandalizi, mwenye kalamu, saa nne usiku. Kwa barabara, chakula na vibali makaratasi yalipatikana. Kwa malipo ndiyo yakawa magumu.

Tusijifanye pia kwamba sisi wakaazi wa huu mji ni wapya kwa mambo haya. Waayaha Cusub walianzia Eastleigh mwaka 2004, vijana wa Kisomali waliokua ukimbizini, wakaimba waziwazi dhidi ya al-Shabaab wakati ambapo kufanya hivyo kulikuwa hatari ya maisha. Shiine Akhyaar Ali alipigwa risasi kwa sababu ya nyimbo. Akapona, akaendelea. Mwaka 2013 wakafanya tamasha la maridhiano Mogadishu kwenyewe. Hakuna serikali yetu wala balozi yeyote angeweza kufanya walichofanya wale vijana na spika chache. Mwaka mmoja baadaye, Aprili 2014, polisi wetu waliingia Eastleigh nyumba kwa nyumba, operesheni ikaitwa Usalama Watch, na maelfu ya watu wakafungiwa uwanjani Kasarani. Uwanjani! Mimi nimefunga spika Kasarani. Najua sauti inavyorudi kutoka kwenye majukwaa ya watazamaji yakiwa matupu. Huwa siwezi kuingia pale bila kufikiria watoto walisikia sauti gani usiku.

Kwa hivyo tunapokusanyika Juni 20 na hema jeupe, tunajua fika tunazungumzia majirani. Mtu mwenye duka la simu karibu na kwako. Mwalimu wa madrasa. Fundi cherehani Mrundi. Na 2025, mgao wa chakula ulipokatwa mpaka watu wa Kakuma wakaandamana, hao wanamuziki walikuwa kwenye foleni hiyohiyo. Kumwimbisha mtu bure kuhusu njaa, halafu umrudishe kwenye njaa na tisheti, mimi sijui neno lake zuri la Kiswahili. Kwa lugha ya mtaani lipo, lakini mhariri atalifuta.

Ninachotaka si kikubwa, na hakihitaji kongamano. Bendi iandikiwe mkataba kama ninavyoandikiwa mimi, nusu ilipwe kabla ya kupanda basi. Orodha ya nyimbo iandikwe na bendi. Emsii asimuulize mtu yeyote amempoteza nani; kama anataka kusema, maikrofoni anayo. Na kama baada ya kulipwa bendi itaamua kuitoa pesa yote kwa shule au hospitali au kwa wenye shida kuliko wao, hiyo sasa ndiyo hisani, kwa sababu mtu hutoa alicho nacho. Wale wa Sierra Leone walitoa. Jal alitoa. Huwezi kutoa kile ambacho kimechukuliwa kwako ukiwa bado unasaini.

Na tuimbiwe ile ya harusi. Hili nalisema kama mlafi wa muziki tu, mnisamehe. Miaka mitatu imepita na lile gitaa bado linanirudia nikiendesha gari, na ule wimbo wa mwanamke aliyekataa barua sijausikia mpaka leo. Sijui aliikataa kwa nini.

Mwezi wa nne mwaka huu simu ililia. Mwandalizi mwingine, bustani nyingine, Juni 20. Akaniuliza bei yangu nikamwambia. Halafu akasema bendi wanayo tayari, ya wakimbizi, itatoka Kakuma. Nikamwambia basi bei ni mbili: yangu, na ya bendi, na ya bendi ni kubwa kuliko yangu kwa sababu wao ni wanane. Kukawa kimya. Akasema sawa boss, nimekusikia, wacha niongee na ofisi nitakupigia.

Nimeacha ile tarehe wazi. Mke wangu ananiuliza kila wiki kama nimepata kazi nyingine ya siku hiyo, maana kuna harusi Kitengela wanataka jibu.